Juu ya Mlima au Kuuelekea Mlima? Maandishi ya Wakwezi wa Mlima Kenya

Makala haya yanakusudia kuhakiki maandishi ya watu watatu waliouparamia Mlima Kenya kisha wakaketi kuyaandika waliyoyaona: Halford Mackinder, Eric Shipton na Felice Benuzzi. Nimechochewa na semina yetu ya fasihi ya safari, ambamo mwenzetu mmoja, tena msomaji hodari, alisimama akasema kwamba vitabu vya aina hii ni propaganda ya mkoloni, havina fani wala maudhui yanayomhusu Mwafrika, na kwamba mahali pake ni jalalani. Alipigiwa makofi. Mimi sikupiga. Si kwamba nawatetea mabwana hao, la hasha. Ila naona tumezoea uhakiki wa kukata shauri kabla ya kusoma, na kwa mtindo huo tunajinyima mambo mawili: fani nzuri pale ilipo, na ushahidi wa dhuluma pale ulipofichwa ndani ya fani yenyewe. Kitabu ulichokitupa jalalani huwezi tena kukihoji.

Kwanza niuweke mlima wenyewe mbele ya msomaji, kwa maana wengi wetu tunauona kwenye kalenda tu. Mlima Kenya ni volkano ya kale iliyolika. Kilichobaki katikati ni kiini cha jiwe gumu kilichokuwa kooni mwa volkano, na ndicho kinachosimama leo kama meno yaliyovunjika. Kilele kirefu kabisa ni Batian, mita 5,199. Jirani yake ni Nelion, mita 5,188, na kati yao kuna pengo lenye barafu ambalo Mackinder aliliita Mlango wa Ukungu. Hivi viwili havifikiki kwa miguu peke yake. Vinataka kamba na mikono. Cha tatu, Lenana, mita 4,985, mtu mwenye mapafu na subira hukifikia kwa kutembea tu, na ndicho wengi wetu tunachokisema tunapojigamba kwamba "tumepanda Mlima Kenya". Hata mimi ni wa Lenana, sijigambi zaidi ya hapo. Lakini ukisimama Lenana alfajiri na kutazama ng'ambo, utaona jinsi jiwe lile lilivyo jekundujekundu na lenye nyufa, na utafahamu kwa nini watu wameandika vitabu.

Majina hayo matatu tayari ni fasihi. Mackinder aliyaokota kwa Wamaasai: Mbatian alikuwa laiboni mkuu, Nelieng nduguye, na Lenana, au Olonana, mwanawe. Sasa Wagikuyu walikuwa na jina lao, Kirinyaga, na Wakamba lao, ambalo Krapf alilisikia mwaka 1849 akiwa Kitui na ambalo likageuka kuwa jina la nchi nzima. Watu walioishi miguuni pa mlima hawakupewa kilele hata kimoja. Na huyo Lenana, ambaye Waingereza walimfanya chifu mkuu, ndiye aliyetia alama yake kwenye mkataba wa 1904 uliowahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo kila mwanafunzi anayepanda hadi Lenana anakanyaga juu ya jina lenye kesi ndani yake. Mwenzetu wa jalala hakulitaja hili, kwa sababu hakusoma hadi huko.

Tuje kwa Mackinder. Alikuwa mwalimu wa jiografia Oxford, na mwaka 1899 alitaka kuthibitisha kwamba mwanajiografia si mtu wa kukaa kitini. Alikuja na Wazungu wenzake watano, wawili kati yao wakiwa viongozi wa Milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Pamoja nao walikwenda Waswahili 66, Wagikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Nchi ilikuwa katika njaa na ndui. Posho haikupatikana, wenyeji walikuwa na uhasama, na watu wawili wa msafara waliuawa walipokuwa wakitafuta chakula. Hatimaye Septemba 13, adhuhuri, Mackinder, Ollier na Brocherel walisimama juu ya Batian.

Jambo la kumshughulisha mhakiki ni hili. Mtu aliyefika wa kwanza kwenye kilele cha pili kwa urefu barani Afrika hakuchapisha kitabu kuhusu jambo hilo maisha yake yote. Alisoma mhadhara kwa wanajiografia wenzake, ukachapishwa mwaka 1900, basi. Shajara yake ilitoka kama kitabu mwaka 1991 tu, ikiwa imehaririwa na K. Michael Barbour, miaka 44 baada ya mwandishi kufa. Kwa nini? Watafiti wamekuwa wakijadili suala la wapagazi wanane Waswahili wanaodaiwa kupigwa risasi na kuuawa katika msafara huo, na kama ndilo lililomfanya bwana huyo anyamaze. Sina uwezo wa kuhukumu kesi hiyo kutoka chumba cha kusomea. Lakini kwa mintarafu ya fani, nitasema hili: ukisoma maandishi ya Mackinder utaona sauti mbili. Anapokuwa na Ollier na Brocherel juu ya barafu, akingoja wamchongee ngazi moja baada ya nyingine, sentensi inatulia, inapima, inaona rangi. Anapokuwa na msafara chini, sentensi inakuwa ya karani: idadi, mizigo, waliotoroka, waliobaki. Watu 164 Waafrika wanaingia katika maandishi kama mzigo unaobeba mzigo. Usawiri wa wahusika hapa haukufeli kwa bahati mbaya. Umefanikiwa kabisa katika kazi yake, nayo ni kuhakikisha kwamba msomaji hawatafuti watu hao wakikosekana ukurasa unaofuata.

Hapo nakubaliana na mwenzetu. Lakini siwezi kukubaliana naye juu ya Shipton.

Eric Shipton alifika Kenya mwaka 1928, kijana wa miaka 21, kujifunza kazi ya shamba la kahawa huko Nyeri. Wengine walikuja kutafuta ardhi. Yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, aliona mlima na kahawa ikamchosha. Januari 1929 yeye na Percy Wyn Harris, afisa wa serikali ya kikoloni, waliifikia Nelion kwa mara ya kwanza na Batian kwa mara ya pili tangu Mackinder. (Huyu Wyn Harris baadaye akawa gavana wa Gambia. Kamba moja, basi, inaweza kumfunga mkulima na dola.) Kisha mwaka 1930 Shipton akarudi na H. W. Tilman, mlowezi wa Kericho, wakaifuata Batian kwa Mgongo wa Magharibi, wakavuka hadi Nelion na kushuka upande wa pili. Habari hizi zimo katika kitabu chake *Upon That Mountain* cha mwaka 1943. Sura ya mgongo huo naiona kuwa mojawapo ya masimulizi yaliyosukwa vizuri kuliko yote niliyoyasoma kuhusu nchi yetu, na nitasema kwa nini.

Mgongo wa mlima una sifa moja ambayo uwanda hauna: huwezi kuuacha. Kulia genge, kushoto genge. Msimulizi wa safari ya kawaida anaweza kupinda, akalala kwa mwenyeji, akaugua wiki mbili, akaeleza desturi za harusi. Msimulizi wa mgongo hana pa kupinda. Njia ni moja, na kila kizuizi kinasimama katikati yake. Yaani jiwe lenyewe limekwisha mtungia mwandishi msuko, na swali linabaki kama ana adabu ya kuufuata. Shipton anayo. Haruki hatua. Anapokutana na mnara wa jiwe uliosimama mgongoni, anatuambia walijaribu wapi, walirudi vipi, walizunguka upande gani, na muda ulikuwa unakwenda. Ukungu unapopanda mchana, kama unavyopanda karibu kila siku kwenye mlima ule, hauletwi kama pambo la kishairi. Unaletwa kama habari: hawaoni tena kilichobaki juu yao. Msomaji naye haoni. Wanasonga bila kujua kama kuna njia, na kurudi nyuma kumekwisha kuwa kugumu kuliko kuendelea. Usiku unawakuta bado wanashuka.

Mtu atauliza, je, huo si ushujaa wa mzungu tu, uliopakwa rangi? Hebu asome tena. Shipton hajisifu. Woga wake ameuandika, na uamuzi wa kupanda ameuonyesha ukifanywa na watu wawili wasiokuwa na uhakika. Mwandishi wa kikoloni wa kawaida huuteka mlima. Kitenzi chake ni "kushinda". Cha Shipton ni kutafuta: anatafuta pa kushika, pa kukanyaga, pa kupita. Tofauti ya kitenzi si jambo dogo, jamani, hasa kwa sisi tunaodai kwamba itikadi hukaa katika lugha.

Nilijaribu kuitafsiri sura hiyo kwa ajili ya mazoezi ya darasa la tafsiri, na zoezi hilo lilinifunza mengi kuliko nadharia. Kwanza, watu husema Kiswahili hakina maneno ya milima mirefu kwa kuwa ni lugha ya pwani. Si kweli. Tunayo genge, jabali, korongo, poromoko, kigongo, kilele, kileleta, ufa, kokoto, sakitu, theluji, barafu. Mkwezi hawezi kuomba zaidi. Pili, wakati wa -ka- ulinisaidia kuliko nilivyotarajia. Mwingereza hulazimika kuunganisha vitendo kwa viunganishi na koma. Sisi tunasema *tukapanda, tukakwama, tukarudi, tukajaribu kushoto,* na kila -ka- inaivuta inayofuata kama kamba inavyomvuta wa pili. Nadiriki kusema mgongo wa mlima ulikuwa ukingoja kusimuliwa kwa -ka-.

Lakini tatu, nilikwama kwenye neno moja. Ile minara ya mawe inayokatisha njia mgongoni, wakwezi wa Ulaya huiita kwa neno la Kifaransa, *gendarme*, maana yake askari polisi. Kwenye Mgongo wa Magharibi kuna mdogo na mkubwa. Nikaandika "Askari Mdogo" na "Askari Mkubwa", nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Mwaka 1930 mwanamume Mwafrika mtu mzima nchini Kenya alilazimika kuvaa kipande shingoni. Askari aliyesimama katikati ya njia hakuwa sitiari kwake. Shipton na Tilman wanakutana na "askari" wa jiwe na kumzunguka. Mpagazi anayewangoja chini anakutana na askari wa nyama na hana pa kuzungukia. Kiingereza kinaificha kejeli hiyo kwa kuazima neno geni. Kiswahili kinaitoa nje peupe, bila mtafsiri kuongeza hata nukta. Nimeliacha neno hilo hivyo hivyo katika tafsiri yangu, na mwalimu aliyesahihisha akaandika pembeni alama ya kuuliza.

Sasa, udhaifu wa Shipton uko wapi? Uko katika adabu ile ile niliyoisifu. Kwa kuwa mgongo hauna pa kupinda, unamruhusu mwandishi asitazame pembeni, na pembeni ndiko waliko watu. Hadithi inaanza kwa hakika pale njia inapokuwa nyembamba, yaani pale mpagazi anapoachwa. Kila kilichotangulia, msitu, mianzi, mizigo, moto wa jioni, ni utangulizi wa kupitiwa haraka. Fani imemchagulia mwandishi nani awe mhusika. Simlaumu Shipton kwa kuwa na moyo mbaya. Nasema umbo alilolichagua lina nafasi ya watu wawili tu, wale waliofungwa kamba.

Je, kulikuwa na umbo jingine? Lilikuwapo, tena kwa Kiswahili, tena kabla yake. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, masimulizi ya Waswahili wenyewe. Humo yumo Selemani bin Mwenye Chande, anayeeleza safari yake ya bara. Wanafunzi wengi hulalamika kwamba maandishi yale yanachosha: tukaondoka, tukafika, tukalala, tukadaiwa hongo, tukaondoka tena. Mimi naona huo ndio msuko wake. Hadithi inatembea kwa vituo, si kwa kilele. Muhimu ni mahali unapotua mzigo, nani mwenye mahali hapo, na atataka nini ndipo akuruhusu kulala. Binadamu hawawezi kuachwa nje ya hadithi ya namna hiyo, kwa kuwa kila kituo kina mwenyewe.

Humo pia yumo Salim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani. Hebu tufikiri kidogo: miaka mitatu kabla Mackinder hajaajiri Waswahili wake, Mswahili mmoja alikuwa amekwisha kwenda kwenye baridi ya Siberia, akawatazama Wazungu na wasio Wazungu wa huko kwa jicho la mgeni, akasimulia. Kwa hiyo ile hoja kwamba wapagazi hawakuandika kwa sababu hawakuwa watu wa kuandika, tuiache. Kati ya Waswahili 66 wa Mackinder, sioni ajabu yoyote kama walikuwapo wanaojua herufi za Kiarabu na utenzi mmoja au miwili kichwani. Hawakuulizwa. Salim aliulizwa, na tunacho kitabu. Umbali baina ya fasihi na ukimya wakati mwingine ni mtu mmoja mwenye kalamu aliyeuliza.

Felice Benuzzi nimemweka mwisho kwa sababu anawavuruga wote, mwenzetu wa jalala na mimi pia. Alikuwa Mwitaliano, mfungwa wa vita katika kambi ya Nanyuki, iliyokuwa inatazamana na mlima. Kambini hakukuwa na mateso makubwa. Kulikuwa na kitu kingine, kuchoka na siku zisizokuwa na majina. Mwishoni mwa Januari 1943 yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka, si kwenda popote, bali kuupanda mlima kisha warudi kifungoni. Vifaa walijitengenezea kwa siri: mashoka ya barafu kutokana na nyundo, viatu vya meno kutokana na vyuma chakavu, kamba za katani kutoka kwenye vitanda. Ramani hawakuwa nayo. Mojawapo ya picha walizozitegemea ilikuwa kwenye lebo ya kopo la nyama. Barsotti aliugua na kubaki kambini juu. Benuzzi na Balletto waliijaribu Batian kutoka kaskazini-magharibi, theluji ikawarudisha. Wakaenda Lenana, wakasimika bendera ya Italia, wakashuka wakiwa na njaa, wakajirudisha wenyewe kambini. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke. Mkuu wa kambi, akiuona mchezo ndani yake, akazipunguza hadi saba. Kitabu kilitoka kwa Kiitaliano mwaka 1947, na kwa Kiingereza mwaka 1952 kwa jina *No Picnic on Mount Kenya*.

Hiki ndicho kitabu bora kuliko vyote vitatu, na ubora wake unatokana na jambo moja la kawaida kabisa: Benuzzi amejibebea mzigo. Hakuna mpagazi. Kwa hiyo ile sehemu ambayo Mackinder anaihesabu na Shipton anaipita haraka, hapa ndiyo nusu ya kitabu. Msitu una harufu, mianzi inakatika, wanyama wanasikika usiku, mabega yanauma, chakula kinahesabiwa kipande kwa kipande. Mwili umerudi katika hadithi kwa sababu safari hii mwili unaoumia ni wa mwandishi. Na kwa kuwa ni mtoro, kila binadamu anayeweza kutokea njiani ni jambo kubwa: ni hatari. Mwenyeji wa mlima, ambaye kwa Mackinder ni usumbufu, kwa Benuzzi ni mtu wa kuogopwa, yaani ni mtu.

Ndiyo, lakini. Huyu mfungwa anayetufanya tumpende alikuwa nani kabla? Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Italia huko Ethiopia, nchi iliyovamiwa mwaka 1935 kwa ndege na gesi ya sumu. Bendera aliyoisimika Lenana ilikuwa ya dola hiyo. Yeye anaieleza kama ishara ya watu waliofungwa wanaotaka kujisikia hai, na ninamwamini. Lakini bendera haimtii aliyeisimika. Ukisoma kitabu hiki kwa jicho moja utalia kwa ajili ya uhuru. Ukifungua la pili utaona mkoloni aliyeshindwa akipanda mlima katika koloni la mkoloni aliyeshinda, na wenye mlima hawamo katika ugomvi wala katika suluhu. Kwamba mkuu wa kambi alitabasamu na kupunguza adhabu kunaonyesha jinsi walivyoelewana. Mtoro Mwafrika mwaka huo wa 1943 sidhani angepunguziwa kwa sababu ya moyo wa kimichezo.

Naweka macho yote mawili wazi, na bado nasema ni kitabu bora. Ugumu huu sioni sababu ya kuukimbia. Mhakiki anayetaka vitabu vizuri viwe vya watu wema, atasoma vichache sana.

Linganisha hapa na Kenyatta. *Facing Mount Kenya* kilitoka mwaka 1938, miaka mitano kabla ya cha Shipton. Tazama vihusishi vya majina tu. Shipton yuko *juu ya* mlima. Kenyatta *anauelekea*. Mgikuyu wa jadi aliomba akiwa ameuelekea Kirinyaga. Hakuwa na haja ya kwenda kuupapasa. Ndani ya vihusishi hivyo viwili mna falsafa mbili za mahali, na nashangaa kwamba katika miaka yote hii ya kusoma Kenyatta kama siasa na anthropolojia, sijaona mtu aliyelisoma jina la kitabu kama ushairi. Kwa Shipton mlima una mgongo. Kwa Kenyatta mlima una uso.

Kisha, miaka ishirini baada ya bendera ya Benuzzi, ikaja nyingine. Desemba 1963, kwa ajili ya sherehe za uhuru, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya juu ya Lenana, kilele kile kile. Huyu ndiye anayetajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kufika Batian, mwaka 1959. Alifariki mwaka 2007. Mashairi ya kizalendo yamemwimba, vitabu vya shule vimemtaja kwa mistari miwili, watoto wamemchora. Lakini mgongo wake, mikono yake juu ya jiwe, woga wake, ukungu wake, hatunavyo kwa ukubwa wa sura ya Shipton. Tumemfanya nguzo ya bendera. Kwa namna fulani tumemtendea kama Mackinder alivyowatendea wapagazi, tofauti ni kwamba tumepiga vigelegele. Sioni kwamba mkoloni ndiye wa kulaumiwa kwa hilo. Kuanzia 1963 kalamu ilikuwa mikononi mwetu.

Nilipendekeza tasnifu yangu ikusanye masimulizi ya wapagazi na viongozi wa mlima, wazee kwa vijana. Niliambiwa hiyo si fasihi, labda niende sosholojia. Nikauliza kwa nini maelezo ya mkulima wa kahawa ni fasihi na ya mpagazi wake ni takwimu. Jibu lilikuwa kwamba ya kwanza yamechapishwa.

Hata hivyo nimeanza, bila idhini. Ninayo mkanda mmoja wa mzee wa upande wa Naro Moru, aliyepanda na kushuka kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimwuliza, "Mzee, mgongo ule ukoje?" Akaniambia, "Kijana wangu, huko mimi sijafika. Huko wanakwenda wenye kamba." Kisha akasimulia karibu saa nzima, na nilipoandika masimulizi yake kwenye karatasi niliona Selemani bin Mwenye Chande tupu: vituo. Hapa maji, hapa upepo haupigi, hapa mzigo unatuliwa upande huu si ule kwa sababu kokoto huteleza. Ile sehemu ya kinamasi inayochukiwa na kila mpandaji yeye ameigawa vipande vinne, na kila kipande kina jina alilolitoa mwenyewe.

Sehemu ndefu kuliko zote katika mkanda ni ya kungoja. Wageni wamekwenda na kamba; yeye na wenzake wako kibandani. Anasimulia jinsi wanavyotazama jiwe hadi ukungu unapolifunika, jinsi wanavyobishana kama sauti iliyosikika ni ya mtu au ya jiwe linaloanguka, jinsi wanavyochemsha chai, inapoa, wanachemsha tena, kwa maana mtu akishuka kutoka kule hataki kungojea chai. Usiku wanaona taa, moja, kisha mbili. Zikiwa mbili, wanazima moto mdogo na kuwasha mkubwa. Hakuna -ka- nyingi katika sehemu hiyo. Imejaa -ki- na hu-, vitendo vinavyorudiwa bila kufika. Shipton hawezi kutupa sura hii hata angetaka, kwa sababu wakati huo alikuwa juu, na taa alikuwa nayo yeye.

Mkanda wa pili nitaurekodi likizo ijayo, upande wa Chogoria.